Mzee wa Jirani ni Mzee wa Nani?

 

Katika toleo hili tunapenda kutafakari pamoja swali moja: afya ya mzee ni wajibu wa nani? Ni ya watoto wake? Ni ya kanisa? Ni ya mashirika na kituo cha afya? Au ni mambo yake mwenyewe na Mungu wake? Swali hili linaonekana rahisi mpaka siku mzee anapoanguka mlangoni. Siku hiyo kila mmoja humwangalia mwenzake.

MZEE NI NANI?

Umoja wa Mataifa huhesabu mzee kuanzia miaka 60. Tena Paulo, alipomwandikia Timotheo juu ya wajane wa kuandikwa katika orodha ya kanisa, alitaja miaka hiyo hiyo 60 (1 Timotheo 5:9). Lakini sisi wakimbizi tunajua kwamba miaka haihesabiwi kwa kalenda peke yake. Mtu aliyelala porini, akavuka mpaka kwa miguu, akazika watoto njiani, anaweza kuwa na miaka 52 na mwili wa miaka 70. Makazi yetu ya Nakivale yalitambuliwa rasmi mwaka 1960. Wako watu waliofika hapa na nguvu za kubeba watoto na mizigo, na leo ni wao wanaoshikwa mkono kwenda msalani.

Wazee hao, kule nyumbani, walikuwa na ukoo mzima kuwazunguka. Kulikuwa na mtoto wa kuchota maji, mkaza mwana wa kupika, mpwa wa kukata kuni. Hapa ukoo umetawanyika. Mmoja yuko Marekani, mwingine Kampala, wengine hatujui kama wako hai. Mara nyingi mzee amebaki na wajukuu wadogo, na yeye ndiye baba na mama yao. Kwa hiyo hatuwezi kujibu swali letu kwa kusema tu kwamba ukoo utaangalia. Ukoo uko wapi?

MANENO MANNE TUNAYOYASIKIA

Neno la kwanza ni hili: "Ni uzee tu." Mzee akisema kichwa kinauma, tunasema ni uzee. Haoni vizuri, ni uzee. Miguu imevimba, ni uzee. Amekula chumvi nyingi, tunasema, tumwache apumzike. Wapendwa, uzee si ugonjwa. Presha ni ugonjwa, sukari ni ugonjwa, mtoto wa jicho ni ugonjwa, na kila mmoja kati ya hayo una jambo la kufanyiwa. Presha ikipimwa na kuonekana mara kwa mara ni 140 kwa 90 au zaidi, hiyo ni presha ya juu, na mara nyingi haina dalili yo yote mpaka siku inapoleta kiharusi. Mtoto wa jicho ndiye anayepofusha watu wengi kuliko sababu nyingine duniani, na huondolewa kwa upasuaji mdogo. Tukiyaita hayo yote uzee, tunakuwa tumemfungia mzee mlango na kuuita ukuta.

Neno la pili ni zito zaidi: "Chakula ni kidogo, dawa ni kidogo, watoto kwanza." Hili hatutalipuuza, maana wanaolisema si watu wabaya. Mwaka 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kugawa familia za wakimbizi hapa Uganda katika makundi kulingana na uhitaji, na mwaka 2025 watu wengi sana waliondolewa kabisa katika orodha. Mama mwenye sufuria moja ya bugali na vinywa saba haulizwi swali la darasani. Anaulizwa swali la kweli.

Lakini tuangalie vizuri. Katika nyumba ambayo bibi ndiye mlezi, bibi akipata kiharusi, ni nani anayeacha shule kumlisha na kumgeuza kitandani? Ni mjukuu, na mara nyingi ni msichana. Kwa hiyo kidonge cha presha cha bibi ni pia daftari la mjukuu. Anayesema watoto kwanza, kama anamaanisha kweli, ataanza kwa kuuliza habari za bibi anayewalea.

Tena hata kama mzee hana mjukuu, hata kama hatatulipa cho chote, bado tungepaswa kumtunza. Mkumbukeni Yakobo. Naye alikuwa mzee mkimbizi. Njaa ilimtoa Kanaani, akaingia Misri akiwa na miaka 130, na alipomwona Yusufu alisema sasa yuko tayari kufa (Mwanzo 46:30). Mtu wa hesabu angesema: huyu amekwisha, ngano ya Misri isipotee kwake. Lakini Yusufu alimlisha, na Yakobo aliishi miaka mingine 17 katika nchi ya ugeni (Mwanzo 47:28). Ni katika mwisho wa miaka hiyo aliwabariki Efraimu na Manase, na kuwaita wanawe wote kumi na wawili. Hakuna aliyejua siku ile ya kufika kwamba ilibaki miaka 17. Sisi pia hatujui. Anayesema "huyu anakufa tu" anasema habari ambayo Mungu hakumpa.

Neno la tatu: "Hiyo ni kazi ya mashirika." Tunayashukuru mashirika. Lakini shirika lina mradi, na mradi una tarehe ya mwisho. Tumeona ofisi zikifunguliwa na kibao kipya, tukaona tena kibao kikitolewa. Shirika linaweza kuleta mashine ya kupima presha. Haliwezi kujua kwamba babu wa nyumba ya tatu hajatoka nje tangu juzi. Hilo linajulikana na jirani tu. Tena serikali ya Uganda ina mpango wa kuwapa wazee raia wenye umri mkubwa posho ya fedha. Ni jambo jema, lakini ni la raia. Mkimbizi wa miaka 80 anatuangalia sisi.

Neno la nne linatoka ndani ya kanisa: "Tuombe tu, Mungu ndiye mponyaji." Amina, ndiye. Nasi tunaombea wagonjwa kila juma na tutaendelea. Lakini Luka, mwenzake Paulo, anaitwa tabibu (Wakolosai 4:14), na hatusomi popote kwamba Paulo alimwambia aache kazi hiyo kwa sababu maombi yapo. Mzee akiwa na dawa za presha, asiziache kwa kuwa ameombewa na kujisikia vizuri. Kujisikia vizuri mara nyingi ni kazi ya dawa zenyewe. Amshukuru Mungu, na ameze kidonge cha kesho.

HESHIMA YA MATANGA NA HESHIMA YA UHAI

Sasa tunafika mahali penye maumivu. Sisi watu wa Kongo, Burundi na Rwanda tunajua kuzika. Mzee akifa, hata kama ni wa kabila lingine, watu hukusanyika. Mmoja analeta turubai, mwingine maharagwe, vijana wanachimba kaburi, kwaya inaimba usiku kucha. Ni jambo zuri, na tusiliache.

Lakini tufanye hesabu. Tuseme nyumba 30 zinachangia matanga, kila nyumba shilingi 2,000. Ni shilingi 60,000, na zinapatikana kwa siku moja. Tuseme boda ya kumpeleka mzee kituo cha afya na kumrudisha ni shilingi 6,000. Zile fedha za siku moja ya kilio zingempeleka kuchukua dawa zake mara 10. Karibu mwaka mzima, kama anakwenda kila mwezi. Mbona basi zinapatikana akiwa amekufa na hazipatikani akiwa hai?

Tumefikiri juu ya swali hili kwa muda mrefu, na jibu letu ni kwamba kifo kinaonekana, bali ugonjwa uliozuiwa hauonekani. Daktari aliyemfufua mtu aliyezimia tunamshukuru mbele ya watu. Kijana aliyeziba shimo la mlangoni, ili bibi asianguke, nani anamshukuru? Bibi hakuanguka, basi hakuna habari. Anayezuia hana ushuhuda wa kutoa siku ya Jumapili. Ndiyo maana kazi ya kuzuia inahitaji upendo wa aina ile Bwana aliyotufundisha, wa kufanya jambo bila kupiga tarumbeta (Mathayo 6:2). Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini hawakusema kwamba mwenye kuziba ufa atasifiwa.

Na Bwana Yesu aliligusa jambo hili kwa ukali. Katika Marko 7:9-13 anawakemea watu waliosema mali yao ni korbani, imewekwa wakfu kwa Mungu, ili wasiwasaidie baba na mama. Walikuwa na dini, tena ya gharama. Ila wazazi wao walikuwa na njaa. Tujiulize kama matanga makubwa kwa mzee tuliyemsahau akiwa hai si korbani ya kwetu.

PEMBE NNE ZA MKEKA

Katika Marko 2 watu wanne walimbeba mgonjwa wa kupooza, wakapasua dari, wakamshusha mbele ya Yesu. Watu wanne, pembe nne. Mmoja akiachia, mgonjwa anainama upande mmoja na kuanguka. Huu ndio ushirikiano tunaousema. Si mkutano wenye soda na picha. Ni kila mmoja kushika pembe yake na kutoiachia.

Pembe ya kwanza ni familia, hata kama ni mjukuu mmoja. Hiyo ni ya kwanza kwa sababu Paulo anasema watoto na wajukuu wajifunze kwanza kuwatendea mema wa nyumbani mwao (1 Timotheo 5:4). Kazi yake ni ya kila siku: kidonge kwa saa yake, chumvi kidogo katika sombe, chandarua kishushwe usiku. Wataalamu wa afya wanashauri mtu asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kidogo kimoja, na humo mnahesabiwa na chumvi iliyo ndani ya Maggi. Juu ya chandarua tunasema kwa sababu tunajua bibi humwachia mjukuu, naye akalala na mbu.

Pembe ya pili ni jirani na kanisa, na msikiti pia kwa ndugu zetu Waislamu, maana mbu na presha haziulizi dini. Kazi yetu ni kujua nani amekosekana, na kutembea naye. Hapa tunakumbuka Matendo 6. Wajane wa Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Kwa nini hao? Walikuwa watu wa lugha nyingine. Je, si hivyo hivyo kwetu? Yuko mama anayejua Kibembe tu, yuko babu wa Kinyabwisha. Muuguzi anauliza kwa Kiingereza au Kinyankole, mzee anajibu kwa kutikisa kichwa, anaondoka na dawa asizojua atazimeza vipi. Mitume hawakusema "tutaombea jambo hilo" wakaishia hapo. Waliagiza wachaguliwe watu saba wenye sifa njema. Kijana mmoja anayejua lugha mbili, akikaa kituoni asubuhi moja ya kliniki, anaweza kuokoa maisha bila kuwa daktari.

Pembe ya tatu ni kituo cha afya pamoja na timu za afya za kijiji, wale tuliozoea kuwaita VHT. Ni majirani zetu wanaojitolea, wengine ni waumini wenzetu. Kazi yao ni kupima, kufundisha na kuelekeza mgonjwa anapohitaji kwenda. Tusiwaite wakati wa dharura peke yake. Na tukubali pia kusema ukweli pale huduma inapopungua. Wako wazee waliotoka alfajiri, wakakaa juani mpaka saa nane, wakaambiwa dawa zimekwisha, warudi juma lijalo. Hatutaji mahali wala mtu, na tunajua wauguzi ni wachache na wagonjwa ni wengi. Lakini mzee asiye na msemaji atarudishwa mara tatu, na mara ya nne hatakwenda. Kusema kwa niaba yake, kwa adabu, ni sehemu ya kushika pembe.

Pembe ya nne ni viongozi: wenyeviti wa vijiji, kamati za makazi, ofisi zinazotusimamia. Wao wanaweza kuamua kwamba mzee asisimame foleni ya maji pamoja na vijana, au kwamba siku ya kupima presha iwe chini ya mti wa kijiji na si mwendo wa saa mbili.

MZEE SI MZIGO JUU YA MKEKA

Lakini mfano huu una mpaka wake. Yule wa Marko 2 alilala tu. Mzee wetu halali tu. Tukimwona kama mzigo wa kubebwa, tutamtunza mwili na kumvunja moyo. Barzilai wa Gileadi, akiwa na miaka 80, alialikwa na mfalme Daudi kwenda kuishi Yerusalemu kwa raha. Akakataa kwa heshima, akasema anataka kufa katika mji wake (2 Samweli 19:31-37). Daudi hakumlazimisha, alimbusu na kumbariki. Kumtunza mzee ni pamoja na kumwuliza anataka nini. Mzee anayekataa kuacha tumbako hafai kugombezwa kama mtoto mbele ya wajukuu. Aelezwe, asubiriwe, aelezwe tena.

Tena wazee wenyewe ni watendaji. Huko Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alikuwa na wagonjwa wengi na wasaidizi karibu hakuna. Mwaka 2006 alianza kuwafundisha bibi wa mitaani mjini Harare kukaa kwenye benchi la mbao karibu na zahanati na kuwasikiliza watu wenye ugonjwa ule Washona wanaouita kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Sisi tunausema hivyo hivyo: mawazo mengi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa na hao bibi walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Hawakuletewa wataalamu kutoka mbali. Walikuwa ni bibi.

Na karibu nasi kabisa, ng'ambo ya mpaka katika mkoa wa Kagera, Tanzania, pale Nshamba, shirika liitwalo Kwa Wazee limekuwa tangu 2003 likiwapa wazee wanaolea wajukuu posho ndogo ya kila mwezi, na wazee hujiunga katika vikundi vya kusaidiana. Umoja wa Mataifa nao umeita miaka ya 2021 hadi 2030 Muongo wa Kuzeeka kwa Afya. Maneno makubwa ya dunia ni mazuri, lakini yanapata miguu pale wazee wanne wanapopitiana asubuhi na kuuliza: umelala? umekunywa dawa? tutembee mpaka kisimani?

TUFANYE NINI?

Hatuna fedha nyingi, nanyi mnajua. Tunapendekeza mambo ambayo yanawezekana.

1. Kila kikundi cha maombi cha nyumbani kiwe na orodha ya wazee wa eneo lake, wa kanisa na wasio wa kanisa. Asiyeonekana siku mbili atembelewe.

2. Tuombe VHT na kituo cha afya wapime presha baada ya ibada, Jumapili moja kila mwezi. Watu wako tayari wamekusanyika.

3. Kila nyumba itoe shilingi 200 kwa mwezi kwa ajili ya boda ya wazee. Nyumba 30 ni shilingi 6,000. Ni mzee mmoja kwenda na kurudi. Tuanze na mmoja.

4. Vijana waitengeneze njia ya mzee kutoka mlangoni hadi msalani: mashimo yazibwe, mti wa kushika uwekwe. Mzee akivunjika nyonga, mara nyingi hasimami tena kama zamani.

5. Wamama wanaopikia mzee wahakikishe moshi unatoka nje, na wamkumbushe kunywa maji hata kama hasikii kiu.

6. Tukimwuliza mzee habari zake, tuulize mara mbili. Mara ya kwanza atasema "niko salama" kwa sababu ya adabu. Mara ya pili atasema ukweli.

KWA KUMALIZA

Tulianza kwa kuuliza afya ya mzee ni wajibu wa nani. Mwenye kuuliza "ni wa nani?" mara nyingi anatafuta jina la mtu mwingine, kama yule mwanasheria aliyemwuliza Yesu jirani yangu ni nani. Yesu hakumpa jina. Alimgeuzia swali: ni nani aliyekuwa jirani? (Luka 10:36). Nasi tunaona hivyo. Mzee ni wa yule aliye karibu naye leo. Kama mtoto wake yuko karibu, ni wa mtoto wake. Kama mtoto yuko mbali au amekufa, wewe unayesikia kikohozi chake usiku kupitia ukuta wa udongo, ni wa kwako.

Na tukumbuke kwamba wengi wetu wazazi wetu hatukuwazika. Tuliwaacha kule, hawakuweza kukimbia, na hatujui ni nani aliyewapa maji mara ya mwisho. Hatuwezi kurudi kuwapa. Tunaweza tu kumpa mzee wa hapa, tukiamini kwamba huko nako Mungu aliinua mtu.

Maswali ya kujadili katika vikundi vya nyumbani:
- Ni mzee gani wa eneo letu ambaye hatujamwona juma hili?
- Kati ya pembe nne za mkeka, ni ipi tuliyoiachia?
- Wazee wenyewe wangependa kufanya kazi gani kati yetu?

Mungu wa Yakobo, aliyemtunza mzee katika nchi ya ugeni, awatunze wazee wetu, na atupe sisi mikono isiyochoka. Amina.